Makinda wa Baltimore wako tayari, wakubwa wao je?

Alhamisi hii, Machi 30, 2023, Baltimore Orioles wanafungua msimu wa besiboli ugenini, Fenway Park mjini Boston. Sisi tunasema mapema na bila kuzunguka: kikosi hiki cha vijana kitamaliza msimu kikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo, na kinaweza kupigania nafasi ya hatua ya mtoano hadi wiki ya mwisho ya Septemba. Kikikosa, ujana wa wachezaji hautakuwa sababu kubwa. Sababu itakuwa viongozi wa klabu, ambao walikuwa na majira yote ya baridi ya kuwatafutia mrushaji mmoja wa kutegemewa na hawakumleta.

Wachambuzi wengi hawako upande wetu. Mahesabu yao ya kompyuta yanaiweka Baltimore chini ya ushindi 81, yaani chini ya nusu ya mechi 162, na hoja yao si ya kupuuza. Mwaka jana Orioles walishinda mechi 83 na kupoteza 79, lakini ukijumlisha pointi za msimu mzima utakuta walifunga 674 na kufungwa 688. Timu inayofungwa zaidi ya inavyofunga kwa kawaida hupoteza zaidi ya inavyoshinda. Kwa hiyo wanasema ilikuwa bahati, na bahati haisainiwi mkataba wa mwaka wa pili.

Jibu letu ni kwamba mahesabu hayo yanachanganya timu mbili tofauti zilizovaa jezi moja. Hadi Mei 20 mwaka jana Orioles walikuwa wameshinda 16 na kupoteza 24. Mei 21 akapandishwa mdakaji Adley Rutschman. Kuanzia siku hiyo hadi mwisho wa msimu walishinda 67 na kupoteza 55. Ukichukua kasi hiyo ya pili ukaitandaza kwenye mechi 162, unapata timu ya ushindi 88 au 89. Hatusemi mtu mmoja ndiye aliyeyafanya yote. Tunasema timu inayokwenda Boston wiki hii ni hiyo ya pili, na ndiyo inayopaswa kupimwa.

Kwa msomaji aliyezoea soka, habari ya Baltimore huanza na swali moja: timu inawezaje kufungwa mechi 110 kwa msimu na bado iko ligi kuu? Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2021. Mwaka 2018 walipoteza 115, mwaka 2019 wakapoteza 108, na ndani ya ule msimu wa 2021 kulikuwa na vipigo 19 mfululizo vilivyofululiza hadi mwishoni mwa Agosti. Kwetu timu kama hiyo ingeshuka daraja na mashabiki wangehamia kwa jirani. Marekani hakuna kushuka daraja. Tena anayeshika mkia hupewa nafasi ya mbele kuchagua vijana bora wa vyuo na sekondari mwaka unaofuata, kwa hiyo klabu isiyo na haya inaweza kuamua kufungwa kwa miaka kadhaa na kuyaita mateso hayo mpango.

Baltimore waliamua hivyo. Novemba 2018 walimwajiri Mike Elias awe meneja mkuu, akitokea Houston, ambako njia hiyohiyo ilikuwa imetumika. Houston walipoteza zaidi ya mechi 100 kila mwaka kuanzia 2011 hadi 2013, kisha wakabeba ubingwa mwaka 2017, ubingwa ambao baadaye ulitiwa doa na kashfa ya kuiba ishara za wapinzani. Hatuipendi njia hii. Mzazi aliyewapeleka watoto wake Camden Yards mwaka 2019 alilipa kiingilio cha mchezo wa ligi kuu, akaoneshwa majaribio. Wasomaji wetu walioko Maryland wanajua uwanja ule ulivyokuwa mtupu siku za katikati ya wiki. Lakini yamepita, na mavuno yameanza kuonekana. Kinachotuhusu leo ni kama watu wale wale waliowaomba mashabiki subira ya miaka minne wako tayari kulipa deni hilo.

Tuanze na Rutschman, maana kila kitu kinamzunguka yeye. Alichaguliwa wa kwanza nchi nzima mwaka 2019 kutoka chuo cha Oregon State. Mdakaji ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, uwanja wote ukiwa mbele ya macho yake, na ndiye anayempa mrushaji ishara ya mpira gani urushwe na wapi. Ni kazi inayochosha magoti na kichwa kwa pamoja, na vijana wengi huhitaji misimu miwili mitatu kuimudu. Siku yake ya kwanza, kabla mpira wa kwanza haujarushwa, alisimama pale kwenye sahani ya nyumbani akageuka polepole kuutazama uwanja mzima, watu wakiwa wamesimama wanampigia makofi. Kisha akachuchumaa akaanza kazi. Pigo lake la kwanza la ligi kuu lilimfikisha besi ya tatu. Hadi msimu unaisha alikuwa amecheza mechi 113, na katika kura za mchezaji bora chipukizi wa American League akashika nafasi ya pili nyuma ya Julio Rodríguez wa Seattle.

Takwimu za Rutschman zinazotuvutia zaidi ni zile ndogondogo. Alipewa besi ya bure mara 65 na kutolewa kwa kukosa mipira mitatu mara 86. Kwa kijana wa mwaka wa kwanza, uwiano huo unaonesha jicho lisilodanganywa. Mpigaji anayetegemea nguvu peke yake hugunduliwa mwaka wa pili: warushaji wanamsoma, wanamnyima mpira anaoupenda, anaanza kuhangaika. Mwenye jicho hawezi kunyimwa kitu, kwa sababu usipompa mpira mzuri anatembea besi ya kwanza bila jasho. Ndiyo maana hatuna hofu naye mwaka huu.

Kwa Gunnar Henderson tuna tumaini kubwa zaidi na uhakika mdogo zaidi. Ana miaka 21. Alichaguliwa mwaka uleule wa 2019, raundi ya pili, na leo wengi wanaopanga orodha za chipukizi wanamweka nambari moja katika besiboli yote. Agosti 31 mwaka jana, mechi yake ya kwanza, kule Cleveland, alizungusha rungu kwa nguvu hadi kofia yake ikaruka kichwani, na mpira ukavuka ukuta. Aliendelea kuzunguka besi kichwa wazi. Picha ile imezunguka sana Baltimore tangu siku hiyo, na ni haki yao kuifurahia. Hata hivyo amecheza kama mwezi mmoja tu wa ligi kuu. Warushaji wa kundi la Baltimore watampima kwa mipira ya kupinda mapema mwezi Aprili, na huenda akayumba. Kocha Brandon Hyde asimtoe. Kijana wa aina hii hujifunza kwa kupangwa kila siku, mechi 140 au 150, makosa yake yakiwa ndani yake.

Nyuma ya hao wawili kuna watu ambao jina la vijana linawafaa kwa umri lakini ligi wamekwisha ijua. Cedric Mullins, ambaye mwaka 2021 alivusha mipira 30 ukuta na kuiba besi 30 katika msimu mmoja. Anthony Santander, mipira 33 nje ya ukuta mwaka jana. Ramón Urías aliyepata glovu ya dhahabu kwa ulinzi wa besi ya tatu. Jorge Mateo, aliyeongoza American League nzima kwa kuiba besi, 35. Ukiwatoa Adam Frazier, mdakaji wa akiba James McCann na mrushaji Kyle Gibson, karibu nguzo zote za timu hii hazijafika miaka 30.

Na mwaka huu sheria zimebadilika kwa namna inayowafaa. Besi zimepanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18. Mrushaji sasa anaruhusiwa kujitoa kwenye nafasi yake mara mbili tu kumtishia mkimbiaji aliyeko besini. Kwa timu yenye Mateo na Mullins, walioiba besi 69 kwa pamoja chini ya sheria za zamani, huo ni mlango uliofunguliwa. Kuna pia saa ya kumbana mrushaji: sekunde 15 kama besi ni tupu, 20 kama kuna mkimbiaji. Wakongwe wengi wamelalamika Machi yote. Vijana waliopitia Norfolk, timu ya daraja la chini ya Baltimore, walikwisha kucheza na saa ya namna hiyo mwaka jana.

Badiliko kubwa kuliko yote limezungumzwa kidogo mno. Kundi la Mashariki la American League, walimo Baltimore, ndilo gumu kuliko yote. Mwaka jana Yankees walishinda 99, Toronto 92, Tampa Bay 86, na Orioles walilazimika kukutana na kila mpinzani wa kundi mara 19, yaani mechi 76 dhidi ya timu nne za kundi hilo. Kuanzia msimu huu ni mara 13 tu, jumla mechi 52. Mechi 24 zimehamishwa kutoka kwa wababe kwenda kwa timu za makundi mengine, ambamo wamo dhaifu. Kwa timu iliyokosa mtoano kwa pengo la ushindi 3 mwaka jana, hilo si jambo la pembeni.

Sasa tuje penye kidonda.

Mwaka 2021 warushaji wa Baltimore waliruhusu wastani wa pointi 5.84 kwa kila vipindi tisa, wabovu kuliko wote katika ligi kuu. Mwaka jana wastani ukashuka hadi 3.97. Sehemu ya nafuu hiyo ilitoka kwa Rutschman, sehemu ilitoka kwa ukuta wa kushoto wa Camden Yards uliosogezwa nyuma zaidi ya futi 20 na kuinuliwa hadi futi 13, na sehemu kubwa ilitoka kwa warushaji wa akiba wanaoingia mwishoni. Anayeongoza hao ni Félix Bautista, jitu la Jamhuri ya Dominika lenye urefu wa futi 6 na inchi 8, ambaye Miami walimwacha mwaka 2015. Anapoitwa kumaliza mechi, taa za uwanja huzimwazimwa na spika hupiga ule mluzi wa Omar wa tamthilia ya The Wire, ambao kila mtoto wa Baltimore anaujua. Halafu anarusha mipira inayozidi maili 100 kwa saa. Lakini goti na bega vimemsumbua tangu Septemba, na warushaji wa akiba ndio kundi linalobadilika zaidi mwaka hadi mwaka katika mchezo huu. Kuutegemea mwisho wa mechi ukae vilevile kama mwaka jana ni kujidanganya.

Kwa hiyo wanaoanza mechi walipaswa kuimarishwa. Dean Kremer, Kyle Bradish na Tyler Wells ni vijana wazuri, kila mmoja kwa kiwango chake, lakini hakuna kati yao ambaye timu pinzani inalala usiku ikimwaza. John Means, aliyekuwa kinara wao, alifanyiwa upasuaji wa kiwiko Aprili mwaka jana na hatazamiwi mapema. Grayson Rodriguez, ambaye sisi tunaamini atakuwa mrushaji bora wa klabu hii kwa miaka mingi, hakufanya vizuri kambini Sarasota, na wiki hii wamempeleka Norfolk. Wa kuanza siku ya kwanza pale Boston ni Gibson, mwenye miaka 35, aliyemaliza mwaka jana na wastani wa 5.05 akiwa Philadelphia.

Hatumbezi Gibson. Ni mtu wa kazi, atarusha vipindi vingi na atawasaidia wadogo zake kwenye benchi. Lakini alisajiliwa kwa mwaka mmoja na dola milioni 10, na Frazier kwa mwaka mmoja na dola milioni 8, na Cole Irvin akaletwa kutoka Oakland kwa kubadilishana. Hizo ndizo juhudi zenyewe. Agosti mwaka jana, alipomuuza Trey Mancini kwenda Houston na Jorge López kwenda Minnesota wakati timu inanusa mtoano, Elias aliwaambia mashabiki kwamba majira ya baridi mfuko wa mishahara ungeongezwa sana. Mancini si mchezaji wa kawaida kwa mji ule. Alipona saratani ya utumbo mpana akarudi uwanjani, watu wakampenda kama ndugu. Mashabiki walimeza uchungu ule kwa sababu ya ahadi. Majira ya baridi yamekwisha, na mishahara ya Baltimore bado ni miongoni mwa midogo kabisa ligini, huku Mets wakipita dola milioni 300.

Warushaji wa kusajiliwa walikuwepo. Chris Bassitt alichukuliwa na Toronto kwa miaka 3 na dola milioni 63. Carlos Rodón alichukuliwa na Yankees kwa miaka 6 na dola milioni 162. Tazama walikokwenda: ni wapinzani wa kundi hilihili, ambao vijana wetu watawakuta mwaka mzima. Si kwamba Baltimore walikosa mtu tu, bali waliyemkosa atawasimamia mbele.

Mfano wa jinsi inavyofanywa upo, na si wa zamani. Chicago Cubs walimaliza mwaka 2014 na ushindi 73, wakiwa na kundi la vijana ambalo kila mtu alilitamani, nao walikuwa wamepitia njia ileile ya kufungwa makusudi. Desemba ya mwaka huo walimpa Jon Lester miaka 6 na dola milioni 155. Wengi walisema wameharakisha. Mwaka 2015 walishinda mechi 97, na mwaka 2016 wakabeba ubingwa ambao klabu ile ilikuwa haijauona tangu 1908. Lester hakuwafundisha vijana kupiga mpira. Aliwahakikishia tu kwamba kila baada ya siku tano kuna mechi ambayo hawahitaji pointi saba ili washinde, na kwa kijana anayehangaika kujifunza ligi, pumziko hilo ni nusu ya dawa.

Wenye tahadhari watatutajia Detroit, na ni haki yao. Mwaka 2021 Detroit walishinda 77 wakiwa na vijana wanaosifiwa, wakatoa pesa nyingi kumsajili Javier Báez na mrushaji Eduardo Rodríguez, na mwaka jana wakaanguka hadi ushindi 66. Kununua si kinga. Lakini tofauti tunaiona: vijana wa Detroit walikuwa bado hawajathibitisha lolote kwa rungu, wakati wa Baltimore walikwisha kaa miezi minne wakishinda kwenye kundi gumu kuliko yote. Na kwa anayedai kwamba timu changa haiwezi kuhimili msimu mrefu, Cleveland mwaka jana walikuwa na kikosi chenye wastani mdogo wa umri kuliko wote katika ligi kuu, wakashinda mechi 92 na kuongoza kundi lao.

Kuna na mambo ya ofisini yanayotutia wasiwasi. Familia ya Angelos, inayomiliki klabu tangu 1993, ilitumia sehemu ya mwaka jana mahakamani, ndugu dhidi ya ndugu, hadi walipopatana Februari hii. Mkataba wa pango la Camden Yards unaisha Desemba 31. Jimbo la Maryland limekwisha idhinisha mamia ya mamilioni ya dola za kuukarabati uwanja huo. Umma umetoa upande wake. Si haki mlipa kodi awe ndiye pekee anayeweka fedha mezani.

Tunachotaka kutoka kwa klabu ni mambo mawili. Kwanza, Grayson Rodriguez aitwe mara tu atakapotulia Norfolk, na akishaitwa asirudishwe kwa sababu ya mechi mbili mbaya. Pili, dirisha la kubadilishana wachezaji litakapokaribia kufungwa Agosti 1, Elias asirudie ya Mancini. Ana chipukizi wengi kuliko nafasi za kuwachezesha, hasa walinzi wa kati, akiwemo Jackson Holliday aliyechaguliwa wa kwanza nchi nzima mwaka jana na ambaye huyo asiguswe. Wengine wapo wa kutosha kumpatia mrushaji wa kuanza wa daraja la juu kutoka timu inayobomoa.

Hesabu yetu ni ushindi 86 kwa kikosi hiki kilivyo leo. Mwaka jana idadi hiyo ndiyo iliyowapa Tampa Bay nafasi ya mwisho ya mtoano. Akinunuliwa mrushaji kabla ya Agosti, tunaongeza ushindi 3 au 4, na hapo Baltimore watacheza Oktoba kwa mara ya kwanza tangu 2016. Wiki ijayo wataikaribisha Yankees nyumbani, na tunawasihi wasomaji wetu wa Maryland waende na watoto wao.